Koo la mtoto linapogeuka ugonjwa wa moyo

Mtoto akilalamika koo, wazazi wengi humpa maji ya chumvi asukutue, wakasubiri. Lakini mafindofindo yanayoletwa na bakteria yasipotibiwa yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, nayo huharibu vali za moyo kimyakimya.

Habari njema imetoka Uganda. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, waliogunduliwa mapema kwa ultrasaundi ya moyo, walifuatiliwa miaka 2. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, ugonjwa ulizidi kwa 3 tu. Kwa wasiochomwa, 33.

Mzazi, koo likiambatana na homa, mpeleke mtoto kituo cha afya. Akiandikiwa dawa, amalize dozi. Viungo vikimvimba, au akihema kupita kiasi anapocheza, usisubiri kesho.