Msimu wa Msimbazi na Funzo la Amaan

Jioni ya tarehe 25 Mei, 2025, Kariakoo ilihamia Unguja. Wapenzi wa kandanda walivuka bahari wakiwa wamevaa nyekundu na nyeupe, wakajumuika na wenyeji katika uwanja wa Amaan kushuhudia Simba ya Dar es Salaam ikirudiana na RS Berkane ya Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Kombe halikubaki. Simba, iliyokuwa imefungwa 2-0 huko Berkane tarehe 17 Mei, ilitoka sare ya 1-1, na wageni wakaondoka na ushindi wa jumla ya magoli 3-1.

Tulingoja vumbi litue ndipo tuseme letu, kwa kuwa neno la siku ya msiba aghalabu huwa la machozi kuliko la busara. Leo tunaona inafaa kuukumbuka msimu ule, si kwa kulia, bali kwa kuchuma funzo.

Simba si timu ya jana. Ilianzishwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya watani wake, Yanga, ikaitwa Sunderland kwa miaka mingi kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Makao yake yako mtaa wa Msimbazi, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, na ya Yanga yako Jangwani, si mbali na hapo. Kwa hiyo mchuuzi, mpagazi na muuza kahawa wa Kariakoo hawaulizani kama wanapenda kandanda. Wanaulizana ni wa upande gani. Hata sisi Visiwani tumegawanyika vivyo hivyo barazani, ijapokuwa tuna timu zetu.

Katika historia yake Simba iliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa mwaka 1974, na fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ilipotoka sare ya bila magoli Abidjan na kisha kufungwa 2-0 na Stella nyumbani Dar es Salaam. Jeraha hilo la nyumbani lilidumu miaka 32. Ndiyo maana safari ya msimu wa 2024/25, chini ya mwalimu Fadlu Davids, ilibeba matumaini ya vizazi viwili.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutia moyo. Simba iliongoza kundi lake kwa pointi 13, mbele ya Constantine ya Algeria iliyopata 12. Katika robo fainali ilifungwa 2-0 na Al Masry huko Misri, ikarejesha magoli hayo yote Dar es Salaam, kisha ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Katika nusu fainali iliilaza Stellenbosch ya Afrika ya Kusini 1-0 hapa Amaan, kwa mkwaju wa adhabu wa Jean Charles Ahoua, kisha ikaenda kulinda goli hilo Durban kwa sare ya bila magoli. Na katika fainali, baada ya Joshua Mutale kufunga mapema, vijana wale walicheza sehemu kubwa ya kipindi cha pili wakiwa kumi tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tunakiri kwamba walishindwa kiume.

Hata hivyo, pongezi zisitufumbe macho. Mnamo Desemba 2024, Simba ilipoifunga Sfaxien ya Tunisia 2-1 katika uwanja wa Benjamin Mkapa, vurugu zilizuka jukwaani na viti viking'olewa. Matokeo yake, pambano la Januari 2025 dhidi ya Constantine lilichezwa mbele ya majukwaa matupu. Simba ilishinda 2-0, lakini hapakuwa na mwananchi wa kuishangilia. Mtu anayeng'oa kiti cha uwanja wa taifa hamkomoi mgeni. Anavunja mali aliyoichangia mwenyewe kwa kodi, na kuinyima timu yake sauti.

La pili ni la viwanja. Fainali ile haikuletwa kwetu kwa heshima peke yake. Shirikisho la Kandanda la Afrika halikuridhishwa na hali ya uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye nafasi ya watu wapatao 60,000. Amaan, uliojengwa mwaka 1970 na kufunguliwa upya Desemba 2023 baada ya matengenezo makubwa, huchukua wapatao 15,000. Hesabu ni nyepesi: nafasi 45,000 zilipotea siku ambayo timu ilizihitaji kuliko siku zote.

Sisi Visiwani tulifurahi kuwa wenyeji, na ni haki yetu kufurahi. Lakini ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Majani ya uwanja hayatambui Bara wala Visiwani. Masika huyaharibu yote yasipotunzwa. Amaan unapendeza kwa kuwa ni mpya. Je, utapendeza baada ya miaka kumi? Jibu limo katika fungu la matunzo linalotengwa kila mwaka, wala halimo katika sherehe za ufunguzi.

La tatu ni la uungwana. Pambano la Simba na Yanga la tarehe 8 Machi, 2025 liliahirishwa baada ya Simba kugoma, ikidai kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia siku hiyo. Malumbano yakachukua zaidi ya miezi mitatu. Lilipochezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga ilishinda 2-0 na kutwaa ubingwa kwa mara ya nne mfululizo. Kwa muda wote huo aliyeumia ni yule mpenzi aliyefunga safari na kununua tiketi.

Mwaka 2023 nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zilikabidhiwa dhamana ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Dhamana hiyo haitatimizwa kwa ngoma na vifijo. Tunawaomba wakuu wa michezo, wa pande zote mbili za Muungano, watenge fedha za matunzo kabla ya fedha za sherehe, na wasimamie kanuni bila ya kutazama rangi ya jezi. Nao wapenzi wa kandanda, wa Msimbazi na wa Jangwani, wajue kuwa kiti cha jukwaani ni amana.

Vijana wa Simba walitimiza wajibu wao kwa kadiri ya uwezo wao. Sasa ni zamu yetu sisi tuliokaa jukwaani, na ya wale wanaoshika funguo za uwanja.