Kuangalia Barua Pepe Mpya kwa Mstari wa Amri

Watahiniwa wengi wanajua kufungua barua pepe kwa kubofya alama ndogo kwenye skrini. Wakiulizwa kompyuta inafanya nini baada ya kubofya, wanaandika "inatafuta kwenye intaneti" na kukosa alama zote. Njia nzuri ya kulielewa swali hilo ni kuacha kubofya na kuzungumza na seva moja kwa moja, kwa kuandika amri kwenye kibodi. Mazungumzo yenyewe ni maneno manne au matano tu.

Tuanze na kompyuta moja. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, mtumiaji anaweza kuwa na faili lake la barua, kwa kawaida ndani ya saraka ya /var/mail, lenye jina lake. Barua ikifika, huongezwa mwishoni mwa faili hilo. Ukiandika amri ya mail, kama imewekwa kwenye kompyuta yako, utaona orodha. Barua iliyoingia karibuni huwa na herufi N pembeni, na ile uliyoiona kwenye orodha siku nyingine ukaiacha bila kuisoma huwa na U. Angalia vizuri hapo: kompyuta inatofautisha "mpya" na "haijasomwa", wakati sisi katika mazungumzo ya kawaida tunayachanganya.

Barua zako nyingi, hata hivyo, haziko kwenye kompyuta uliyokalia. Ziko kwenye seva ya mbali, na ili kuzifikia unahitaji itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ambazo pande zote mbili zimekubaliana. Hapa ndipo mtahini anapenda kukaa. SMTP ni ya kutuma barua. POP3 na IMAP ni za kuzichukua na kuzisoma. Mtahiniwa anayeandika kwamba SMTP hupokea barua kwenye simu ya mtumiaji anapoteza alama bila sababu.

POP3, ambayo maelezo yake rasmi yanayotumika hadi leo yalitolewa mwaka 1996, ndiyo rahisi zaidi kuijaribu. Ukishaunganishwa na seva, mazungumzo huwa hivi. Mistari inayoanza kwa alama ya kujumlisha, pamoja na orodha inayofuata, ni majibu ya seva:

USER mwanafunzi
+OK
PASS neno-lako-la-siri
+OK
STAT
+OK 4 18250
LIST
+OK
1 2100
2 9800
3 1350
4 5000
.

STAT imejibu kwamba kuna barua 4 zenye jumla ya baiti 18,250. LIST imetaja ukubwa wa kila moja, na nukta iliyo peke yake inaonyesha mwisho wa orodha. Jumlisha mwenyewe uone kama hesabu inakubali. Ukitaka kusoma barua ya tatu, andika RETR 3. Ukitaka kuona kichwa chake tu, yaani nani ameituma, lini, na inahusu nini, andika TOP 3 0, ikiwa seva yako inaikubali amri hiyo. Penye mtandao wa polepole au bando dogo, TOP ni msaada mkubwa, kwa sababu huhitaji kupakua kiambatisho kizito ili kujua kama barua inakuhusu.

Sasa swali gumu: kati ya hizo barua 4, mpya ni zipi? POP3 haijui. Haitunzi kumbukumbu ya kilichosomwa. Inahesabu tu kilichopo. Programu za barua hujitatulia tatizo hilo kwa amri ya UIDL, ambayo hutoa namba ya utambulisho ya kila barua. Programu huhifadhi namba ilizowahi kuziona, na isiyomo kwenye daftari lake huitwa mpya.

IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, inafanya kazi hiyo kwenye seva yenyewe. Kila amri hutanguliwa na alama fupi unayoichagua wewe, ili ujue jibu lipi ni la amri ipi:

a2 STATUS INBOX (UNSEEN)
* STATUS INBOX (UNSEEN 2)
a2 OK

Barua 2 hazijasomwa. Kwa kuwa alama ya "imesomwa" inakaa kwenye seva, barua uliyoisoma kwenye simu itaonekana imesomwa pia kwenye kompyuta ya maktaba.

Kuhusu milango ya kuunganishia, kariri namba hizi: POP3 hutumia 110, na 995 ikiwa mawasiliano yamefichwa kwa TLS, IMAP hutumia 143, na 993 kwa TLS. Usijaribu 110 au 143 kwa telnet ukiwa kwenye mtandao wa watu wengi, kwani neno lako la siri litapita wazi kama lilivyoandikwa. Tumia openssl s_client -connect, ukifuatisha jina la seva na namba ya mlango. Programu hiyo ina kituko chake. Isipopewa chaguo la -quiet, mstari unaoanza na Q kubwa huuchukua kama amri yake yenyewe ya kukata mawasiliano, na R kubwa pia ina maana nyingine kwake. Andika retr na quit kwa herufi ndogo, POP3 haibagui. Na QUIT si adabu ya kuaga tu: barua ulizoziwekea DELE hufutwa pale seva inapopokea QUIT. Ukikatwa kabla, zinabaki.

Baadhi ya huduma, Gmail ikiwa mojawapo, hazikubali tena neno la siri la kawaida kwa njia hii, kwa hiyo fanyia mazoezi kwenye seva ambayo mwalimu wako ameiandaa.

Swali la kujipima (alama 4). Neema alisoma barua zake kwenye kompyuta ya shule kwa programu inayotumia POP3. Jioni alipofungua simu hakuzikuta. Eleza sababu na upendekeze suluhisho.

Jibu: Programu ilipakua barua kwenye kompyuta ya shule (alama 1), kisha ikazifuta kwenye seva (alama 1). Neema atumie IMAP (alama 1), ambayo huziacha barua kwenye seva ili vifaa vyote vizione (alama 1). Atakayeandika kwamba programu iwekwe chaguo la kuacha nakala kwenye seva apewe alama hizo mbili za mwisho pia.