Ahmed Salem wa Misri: Mbingu Aliiweza, Nyumba Ikamshinda



Wazee wetu wa Pwani waliizoea Redio Cairo, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954. Miaka 20 kabla ya hapo, tarehe 31 Mei 1934, redio ya taifa ya Misri ilipofunguliwa, sauti iliyotamka "Huna al-Qahira", yaani "Hapa ni Cairo", ilikuwa ya kijana wa miaka 24 aitwaye Ahmed Salem. Kijana huyo alikuwa rubani kabla ya kuwa mtangazaji, na baadaye akawa mwigizaji na mtengenezaji wa sinema. Tumeona tukisimulie kisa chake kwa sababu wazazi wengi hutuuliza: mwanangu ana kipaji, je, kipaji hicho kitamtosha?

Ahmed alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Sharqia. Alikwenda Uingereza kusomea uhandisi, na huko akajifunza kuendesha ndege. Mwaka 1931 alirejea kwao akiirusha mwenyewe ndege yake kutoka Uingereza hadi Misri. Ndege za siku hizo zilikuwa ndogo, zikienda kwa vituo, na rubani hakuwa na wa kumtegemea baada ya Mola wake ila macho yake na utulivu wa moyo wake.

Kipaji hicho hakikufichika kwa Talaat Harb, mwasisi wa Benki ya Misr mwaka 1920, aliyetaka Wamisri wamiliki wenyewe viwanda vyao, ndege zao na hata sinema zao. Studio Misr ilipofunguliwa mwaka 1935, alimkabidhi Ahmed uongozi wake. Mwaka 1936 ikatoka Wedad, filamu ya kwanza ya Umm Kulthum. Mwaka 1938 ikafuata Lashin, iliyosimulia raia walioinuka dhidi ya mtawala wao. Serikali ya kifalme ikaizuia, na haikuruhusiwa mpaka mwisho wake ulipobadilishwa.

Ahmed akaondoka studio na kushika njia yake. Mwaka 1939 alitoa Ajnihat al-Sahra, yaani "Mbawa za Jangwani", aliyoiongoza mwenyewe. Mwaka 1946 akaongoza na kuigiza al-Madi al-Majhul pamoja na Layla Murad. Uhandisi, urubani, utangazaji, uigizaji: yote hayo aliyapata kabla ya kutimiza miaka 40.

Lakini msomaji, tazama upande wa pili. Alioa mara kadhaa, na miongoni mwa wakeze walikuwa wasanii mashuhuri: Tahiya Carioca, Asmahan na Madiha Yousri. Katika ndoa yake na Asmahan ugomvi ulifika mahali pa kutisha. Siku moja bastola ilitolewa. Afisa wa polisi aliyekuja kuwaamua alijeruhiwa, na Ahmed mwenyewe akapigwa risasi. Asmahan alifariki tarehe 14 Julai 1944, gari lake lilipotumbukia katika mfereji. Ahmed alifariki Septemba 1949, akiwa na miaka 39.

Hatumtaji marehemu ili kumsengenya. Mambo haya yalijulikana na watu wote zama zake, na sisi twamwombea rehema. Twayataja kwa ajili ya walio hai. Mikono iliyoishika ndege ikatulia juu ya bahari haikutulia mbele ya mke. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa mwenye nguvu si yule amwangushaye mwenziwe, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Nguvu hiyo haifundishwi katika chuo cha urubani wala katika studio ya sinema. Hufundishwa nyumbani, na mtoto huanza kujifunza kwa kumwona baba akinyamaza pale ambapo angeweza kufoka.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa kipaji asikizime. Asome, aruke, aandike, maadamu yumo katika halali. Ila amlee na subira kwa bidii ile ile anayolipia karo.

Na ajapo mposaji, twauliza kazi yake, twauliza nasaba yake, twauliza mshahara wake. Ni mara chache twauliza: akikasirika huwa vipi? Waulizeni dada zake, jirani zake na aliofanya nao kazi. Na binti akirudi kwenu na kusema kuwa ametishiwa, msimwambie avumilie tu. Msikilizeni, mpeni hifadhi, kisha mlifikishe jambo lake kwa wazee, kwa kadhi, na kwa polisi pale panapokuwa na hatari. Kumlinda binti si kuvunja ndoa. Aliyeinua silaha ndiye aliyeivunja.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu. Amin.