Maandiko ya Kihindu Mikononi mwa Wafasiri

Dini ya Kihindu haina kitabu kimoja kinachoweza kuitwa msahafu wa Wahindu wote, wala haina baraza la wanazuoni lenye mamlaka ya kutangaza kwamba ufafanuzi huu ni wa haki na ule ni wa upotovu. Iliyo nayo ni hazina kubwa ya maandiko yaliyotungwa katika muda wa zaidi ya miaka elfu mbili, mengi yake kwa lugha ya Kisanskriti, ambayo wanazuoni wake huyagawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza huitwa shruti, yaani yaliyosikiwa, nalo huaminiwa kwamba lilifunuliwa kwa waonaji wa kale; humo zimo Veda nne, ya kwanza ikiwa Rigveda yenye tenzi 1,028, pamoja na Upanishad, ambazo ni mafunzo ya kifalsafa yaliyofungamana na Veda hizo. Fungu la pili ni smriti, yaani yaliyokumbukwa, ambalo lina heshima kubwa ingawa halilingani na la kwanza, na ndilo lenye tenzi ndefu za Mahabharata na Ramayana pamoja na vitabu vya sheria kama Manusmriti.

Katika historia ya Veda sauti ililindwa kwa ukali kuliko maana. Kwa karne nyingi Wabrahmani, ambao ndio tabaka la makuhani, walizihifadhi kwa moyo bila ya kuziandika, wakimkaririsha mwanafunzi neno moja moja, kisha maneno mawili mawili, kisha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, ili asipoteze hata silabi moja. Maneno yalifika salama, lakini maana ya baadhi yake ilikwisha kuingia utata tangu zamani, hata Yaska, mtaalamu wa lugha aliyeishi kabla ya Kristo, aliona haja ya kumjibu mtu aitwaye Kautsa aliyedai kwamba mantra za Veda, yaani maneno yake yanayokaririwa katika ibada, hazina maana yoyote. Ufafanuzi wa Sayana, ulioandikwa katika karne ya 14 kwenye ufalme wa Vijayanagara kusini mwa India, ndio uliotegemewa zaidi na wafasiri wa Ulaya, ijapokuwa Sayana mwenyewe aliishi miaka zaidi ya elfu mbili baada ya tenzi alizozieleza.

Hitilafu kubwa zaidi, hata hivyo, zilizuka katika maandiko matatu ambayo kila madhehebu ya Vedanta, yaani falsafa iliyojengwa juu ya Upanishad, ililazimika kuyafafanua kabla haijatambuliwa, nayo ni Upanishad, Bhagavad Gita, na Brahma Sutra. Kitabu hiki cha mwisho ni mkusanyo wa kauli fupi mno, nyingi zikiwa na maneno mawili au matatu bila ya kitenzi, kiasi kwamba hakisomeki bila ya mwalimu. Na anayehitaji mwalimu ili aelewe kitabu, huelewa kile ambacho mwalimu huyo anakiamini.

Walimu watatu wa kusini mwa India ndio waliochora mipaka ya mabishano hayo. Shankara wa Kerala, ambaye wengi humweka katika karne ya 8, alifundisha kwamba kuna Uhalisia mmoja tu uitwao Brahman, na kwamba nafsi ya ndani ya mwanadamu haitofautiani nao, ila ujinga ndio unaofanya vionekane viwili. Ramanuja, aliyefundisha katika hekalu la Srirangam kwenye karne ya 11 na ya 12, alikubali umoja huo lakini akasema kwamba una sehemu ndani yake, kwa kuwa nafsi na ulimwengu ni mwili wa Mungu, naye Mungu ni roho yake. Madhva wa Udupi, katika karne ya 13, alikataa yote mawili, akishikilia kwamba Mungu ni Mungu, nafsi ni nafsi, na tofauti baina yao ni ya milele.

Wote watatu waliisoma sentensi moja katika Chandogya Upanishad, ambayo mzee Uddalaka anamwambia mwanawe Svetaketu mara tisa akimweleza uhusiano wake na asili ya vitu vyote. Shankara aliielewa kuwa inamwambia kijana kwamba yeye na asili hiyo ni kitu kimoja. Ramanuja aliielewa kuwa inamwambia kwamba yeye ni wa asili hiyo, kama mwili ulivyo wa roho. Madhva alifanya jambo la kijasiri zaidi, na hapa inafaa kutazama kwa karibu. Kisanskriti huunganisha maneno katika matamshi na katika maandishi, na neno linalotangulia sentensi hiyo linaishia kwa irabu ndefu ya a, ambayo kwa kanuni za sarufi inaweza kuimeza a fupi inayoifuata. Madhva alisema kwamba ndani ya irabu hiyo ndefu imejificha a fupi ya ukanushi, hivyo akaikata sentensi mahali pengine, ikawa inamwambia kijana kwamba yeye siye. Wanazuoni wengi wa lugha huona kwamba usomaji huo unaburutwa kwa nguvu. Lakini sarufi yenyewe haiukatai, na wafuasi wa Madhva wanaisoma sentensi hivyo mpaka leo.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa mambo haya, kwani tafsiri ya Qurani iliyotolewa na Waahmadiya mwaka 1953 ilipingwa vikali na mashekhe wa pwani, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1969, ilibeba majibu ya wazi kwa ile iliyotangulia.

Mfasiri aliyeyatoa maandiko ya Kihindu nje ya mipaka ya India kwa kishindo alikuwa Mwislamu. Dara Shikoh, mwana wa mfalme Shah Jahan wa dola ya Mughal, aliwakusanya wanazuoni wa Kibrahmani kutoka Banaras, na mwaka 1657 akakamilisha tafsiri ya Kiajemi ya Upanishad zipatazo 50, akiamini kwamba ndizo kitabu kilichofichwa kinachotajwa katika Surat al-Waqia. Katika maandishi yake aliwalinganisha miungu Brahma, Vishnu na Shiva na malaika Jibrili, Mikaili na Israfili, jambo ambalo lilimrahisishia msomaji wa Kiislamu njia ya kuingia lakini likambadilishia kile alichokuja kukitazama. Miaka miwili baadaye Dara aliuawa kwa amri ya ndugu yake Aurangzeb, aliyemshinda katika kugombea ufalme, na uzushi katika dini ukawa miongoni mwa mashtaka yake. Tafsiri yake ilinusurika: Mfaransa Anquetil-Duperron aliigeuza kwa Kilatini na kuichapisha mwaka 1801 na 1802, na kitabu hicho ndicho alichokisoma na kukisifu mwanafalsafa wa Kijerumani Arthur Schopenhauer. Kwa maneno mengine, Upanishad zilizoitikisa falsafa ya Ulaya zilikuwa Kilatini kilichotoka katika Kiajemi kilichotoka katika Kisanskriti, na ufafanuzi wa Shankara ulikuwa umechanganywa humo pamoja na maneno ya asili.

Waingereza walikuja na haja nyingine. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipoanza kutawala Bengal iliamua mwaka 1772 kwamba Wahindu wahukumiwe kwa sheria zao na Waislamu kwa zao, na kwa kuwa mahakimu wake hawakujua Kisanskriti, tafsiri ikawa chombo cha utawala. Mwaka 1785 Charles Wilkins alichapisha Gita kwa Kiingereza kwa gharama za Kampuni hiyo, na mwaka 1794 William Jones akatoa Manusmriti. Kitabu ambacho Wabrahmani walikuwa wakikisoma pamoja na wafafanuzi wanaopingana, na ambacho desturi za mahali ziliweza kukipinda, kikawekwa mezani mwa hakimu kama kwamba ni kanuni zisizobadilika za Wahindu wote. Huu, pengine, ndio upotoshaji mkubwa kuliko kosa lolote la neno.

Hata hivyo yako makosa ya neno yaliyogusa roho za watu. Rigveda, katika utenzi wa 18 wa kitabu chake cha 10, ina ubeti wa mazishi unaowaita wanawake wenye waume, waliojipamba, watangulie kupanda mahali pao, na neno lenye maana ya kutangulia ni agre. Raghunandana, mwanasheria wa Bengal wa karne ya 16, aliutaja ubeti huo katika sura iliyosomwa agneh, yaani wa moto, na kwa badiliko hilo dogo wanawake wakawa wanaingia motoni. Hivyo ubeti ukatumika kuhalalisha sati, desturi ya mjane kuchomwa hai pamoja na maiti ya mumewe. Mwingereza H. T. Colebrooke aliufasiri kwa namna hiyo mwaka 1795. Ubeti unaofuata, ambao unamwambia mjane ainuke na kurudi kwenye ulimwengu wa walio hai, ulikuwapo wakati wote. Raja Rammohun Roy, aliyeipiga vita desturi hiyo kwa vijitabu kuanzia mwaka 1818, alitegemea zaidi maneno ya Manusmriti kuhusu maisha ya utawa ya mjane, na Gavana Mkuu Bentinck aliipiga marufuku mwaka 1829. Kosa la ubeti wenyewe lilikuja kufichuliwa hadharani na H. H. Wilson katika miaka ya 1850, wakati ambapo sheria ilikuwa imekwisha kutangulia elimu.

Kati ya maandiko yote, Bhagavad Gita ndiyo iliyovutwa pande nyingi zaidi. Ni beti 700 katika sura 18, ndani ya kitabu cha sita cha Mahabharata, na habari yake ni mazungumzo kati ya shujaa Arjuna, anayekataa kupigana na jamaa zake katika uwanja wa Kurukshetra, na mwendesha gari lake Krishna, ambaye ni Mungu katika umbo la mwanadamu. Shankara aliona kwamba lengo lake ni ujuzi unaomfanya mtu aache matendo. Ramanuja aliona kwamba ni ibada ya mapenzi. Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa aliyefungwa na Waingereza katika gereza la Mandalay huko Burma kuanzia mwaka 1908, aliandika humo kitabu kikubwa kwa Kimarathi, kilichochapishwa mwaka 1915, akidai kwamba walimu wa zamani walikosea na kwamba Gita inaamrisha matendo, jambo lililowafaa sana vijana waliotaka kumwondoa mkoloni. Mohandas Gandhi, ambaye aliisoma kwanza alipokuwa mwanafunzi London kwa tafsiri ya kishairi ya Edwin Arnold, aliitafsiri kwa Kigujarati na kuitoa mwaka 1930, akieleza kwamba uwanja wa vita ni moyo wa mwanadamu na kwamba asiye na tamaa ya matunda ya kazi yake hawezi kuua. Nathuram Godse, aliyempiga risasi Gandhi mwaka 1948, naye alikuwa msomaji wa Gita. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la waliotengwa na ambaye mwaka 1927 aliongoza mkutano wa Mahad ulioichoma Manusmriti hadharani, hakukubaliana na yeyote kati yao, kwani aliiona Gita kuwa utetezi wa kifalsafa wa mfumo wa matabaka.

Mabishano haya yalisafiri na watu mpaka Afrika Mashariki. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875, alifundisha kwamba majina ya miungu katika Veda ni sifa za Mungu mmoja na kwamba ibada ya sanamu haina msingi humo, tafsiri ambayo wanazuoni wa Ulaya na Wabrahmani wa jadi waliipinga kwa pamoja, kila upande kwa sababu zake. Wafuasi wake waliunda Arya Samaj ya Nairobi mwaka 1903, wakati reli ya Uganda ilipokuwa mpya, na humo ibada hufanywa kwa moto na mantra za Veda bila ya sanamu, ilhali katika mahekalu ya Wahindu wa jadi kwenye jiji hilo hilo sanamu huvishwa, hupewa chakula na kuimbiwa. Jirani anayewaita wote Wabaniani hukosa kujua kwamba wanazisoma Veda zile zile kwa njia zinazokinzana.

Katika zama za karibu mgongano ulio wazi kabisa umo katika sura ya 9 ya Gita, kwenye ubeti wa 34, ambapo Krishna anamtaka Arjuna amwelekezee yeye akili na ibada yake yote. Sarvepalli Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuja kuwa rais wa India, aliandika katika tafsiri yake ya mwaka 1948 kwamba anayeelekezewa ibada si Krishna kama mtu bali ni yule wa milele anayesema kupitia kwake. A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mwanzilishi wa jumuiya ya Hare Krishna, alilaani maelezo hayo mara kwa mara, na akakiita kitabu chake mwenyewe Gita kama ilivyo, ingawa nacho kimejaa mafundisho ya madhehebu ya mwalimu Chaitanya wa Bengal. Kwa maneno ya ubeti wenyewe Prabhupada yuko karibu zaidi na matini. Kwa jina la kitabu chake, ameahidi kile ambacho hakuna mfasiri anayeweza kukitimiza.

Msomaji anayetaka kuanza na Gita asishike tafsiri moja peke yake. Achukue mbili, moja ya muumini anayetaja wazi walimu wake, na nyingine ya mtaalamu wa lugha, kama ile ya J. A. B. van Buitenen iliyochapishwa Chicago mwaka 1981, kisha afungue sura ya 4 kwenye ubeti wa 13, ambapo Krishna anasema kwamba aliyaumba matabaka manne kwa kufuata sifa na matendo. Atazame kama mfasiri ameziacha sifa hizo kuwa za tabia ya mtu katika maisha haya, au amezifanya kuwa za kuzaliwa nazo, na kama amemwambia msomaji kwamba hapo pana ugomvi. Aliyenyamaza hapo asomwe kwa tahadhari katika beti nyingine zote 699.