Miguu ya ndege: Mambo ambayo abiria wengi hawayaoni

Wakaazi wa Port Reitz, Magongo na Changamwe wameshazoea. Ndege inakuja chini, sauti inatikisa mabati, watoto wanainua vichwa, na pale tumboni yanaonekana magurudumu yameshashushwa tayari kutua. Aliye ndani ya ndege naye husikia kishindo chini ya viti dakika chache kabla ya kutua, kisha ngurumo ya upepo. Wengi hushtuka na kushika kiti. Kumbe kishindo hicho ni habari njema: miguu inashuka.

Nasema miguu kwa sababu si magurudumu peke yake. Kuna nguzo ya chuma, breki, tairi, na shokabzoba yenye mafuta na gesi ya naitrojeni ndani yake. Ndege inapogusa ardhi, mafuta hayo husukumwa kupitia tundu dogo na gesi inabanwa, na kishindo kinamalizikia humo badala ya kufika kwenye mbawa na migongo ya abiria.

Mpangilio wa miguu si mmoja. Ulio wa kawaida leo ni kama wa tuktuk zetu: gurudumu la mbele kwenye pua, na miguu miwili mikubwa nyuma chini ya mbawa. Uzito mwingi hubebwa na ile miwili, na ndiyo inayogusa ardhi kwanza. Pua hushushwa baadaye. Faida yake ni kwamba rubani anaona mbele vizuri akiwa ardhini, na akikanyaga breki kwa nguvu, ndege haipinduki kifudifudi.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Miguu miwili ilikuwa mbele na kigurudumu kidogo mkiani, ndege ikiwa imekaa pua juu. Hivyo ndivyo ilivyo DC-3, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1935. Hata leo ndege ndogo za aina hii, kama Piper Super Cub, hutumika kwa doria katika mbuga kama Tsavo, kwa sababu pangaboi huwa juu, mbali na mawe na majani. Lakini zinataka mkono mwepesi: upepo wa ubavuni ukiipata ikiwa inakimbia chini, mkia unaweza kuizungusha.

Halafu kuna za majini, na hapa mtu wa Pwani haelezwi sana. Ziko zilizofungwa maboya mawili marefu mahali pa magurudumu. Nyingine tumbo lake lenyewe ni chombo, na chini ya mbawa zina vielea vidogo vya kuzuia isilale upande, kama matengo ya ngalawa. Kuanzia mwaka 1937, ndege kubwa za namna hiyo za shirika la Imperial Airways la Uingereza zilipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Wazee wetu waliona ndege ikitia nanga kabla ya wengi kuona ndege kubwa ikitua ardhini. Na kule kwenye barafu, Greenland na Antaktika, ndege hufungwa mbao ndefu za kuteleza.

Swali lingine ni kama miguu inakunjwa au haikunjwi. Cessna Caravan, zile ndege ndogo zinazopeleka wageni Lamu na Maasai Mara, miguu yake iko nje wakati wote. Inakokota upepo kidogo, lakini ni myepesi, haina mengi ya kuharibika, na inavumilia viwanja vya changarawe. Dash 8, tunazoziona Malindi na Ukunda, hukunja miguu yake mikubwa na kuificha nyuma ya injini. Boeing 737 nayo huingiza yake tumboni, lakini haina milango ya kuifunika yote. Ukitazama kutoka chini utaona tairi za nje kama sarafu mbili nyeusi. Kadiri ndege inavyokwenda kasi, ndivyo mguu ulioachwa nje unavyokula mafuta.

Uzito pia huamua idadi. Boeing 737 ina tairi 6, Boeing 747 ina 18, na Airbus A380 ina 22. Tairi hizo hujazwa naitrojeni, si upepo wa kawaida, na kwa 737 hufika karibu 200 kwa kipimo ambacho gari dogo hujazwa 30 na kitu. Moshi unaouona zinapogusa lami si moto. Tairi ilikuwa imesimama, ghafla inalazimishwa kuzunguka kwa kasi ya ndege, na mpira unasagika.

Rubani anajuaje kwamba miguu imeshuka na kujifunga? Kwa kawaida mbele yake huwaka taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu. Haidroliki ikikataa, ndege nyingi zina njia ya kufungua vifungo ili miguu ishuke kwa uzito wake. Mwaka 2005, Airbus A320 yenye abiria 140 ilitua Los Angeles gurudumu la pua likiwa limegeuka upande. Cheche ziliruka, lakini hakuna aliyeumia.

Lakini tarehe 29 Disemba 1972, karibu na Miami, taa moja ya Lockheed L-1011 haikuwaka. Marubani waliishughulikia taa hiyo hadi hakuna aliyeangalia kwamba ndege inashuka polepole gizani. Watu 101 walikufa. Mguu ulikuwa umeshuka sawasawa. Kilichoungua kilikuwa balbu. Tangu hapo marubani husisitiziwa kwamba tatizo lolote likitokea, lazima mmoja wao abaki anaendesha ndege.

La mwisho ni kwa vijana wetu. Chumba ambamo miguu hukunjwa wapo wanaokiona kama njia ya kwenda Ulaya bila viza. Tarehe 30 Juni 2019, mwili wa mwanamume uliangukia bustani ya nyumba huko Clapham, London, kutoka ndege iliyotoka Nairobi. Alikuwa amejificha humo. Chuma kinapokunjwa humbana mtu bila kujua kuna mtu. Juu kule baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri, na hewa haitoshi mapafu. Asiyekufa kwa hayo anaweza kuwa amezimia pale miguu inaposhushwa tena, na chini yake hakuna sakafu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukisikia kile kishindo chini ya kiti, usiogope. Na ukimsikia kijana barazani akisema kuna nafasi pale kwenye magurudumu, usimcheke wala usinyamaze. Mweleze pale ni mahali pa chuma na tairi, si pa binadamu.