Usemi Unaoshikika: Riwaya za Roger Rabbit

Riwaya ya upelelezi hutegemea alama zilizobaki: damu, nyayo, barua iliyochanwa. Usemi, kwa kawaida, hauachi alama. Neno likishatamkwa limetoweka, na shahidi hubaki na kumbukumbu tu. Mwandishi wa Marekani Gary K. Wolf aliipindua kanuni hiyo mwaka 1981 katika Who Censored Roger Rabbit?, riwaya ya kwanza ya mfululizo ambamo binadamu na watu wa katuni huishi pamoja.

Watu hao wa katuni si michoro. Wana miili, wana ajira, na hadithi zao za magazetini hutengenezwa kwa kuwapiga picha wakiigiza. Wasemapo, maneno yao huandikika ndani ya kiputo kinachotokea juu ya kichwa, nacho ni kitu cha kushikika.

Sungura Roger anamwajiri mpelelezi Eddie Valiant achunguze kwa nini waajiri wake, ndugu wawili wa ukoo wa DeGreasy, hawakutimiza ahadi ya kumpa hadithi yake mwenyewe. Punde mmoja wa ndugu hao anauawa. Roger naye anauawa nyumbani kwake, na hapo panapatikana kiputo cha maneno yake ya mwisho. Marehemu, basi, ametoa ushahidi, ila ushahidi wenyewe ni matini: hauna kiimbo, hauna mkazo, hauna uso wa msemaji. Valiant hana budi kuufasiri kama mwanafilolojia afasirivyo hati iliyokatika. Ajabu zaidi, msaidizi wake ni nakala ya Roger mwenyewe, kwani watu wa katuni huweza kujizalishia nakala za muda mfupi ili zifanye kazi za hatari badala yao. Ni wazo la kuchekesha, na la kutisha pia: mfanyakazi anayekufa hata kwa nakala yake.

Filamu ya Robert Zemeckis ya mwaka 1988, Who Framed Roger Rabbit, iliwahamishia watu hao kwenye sinema, katika Los Angeles ya mwaka 1947, ikawapa sauti. Ilipata uchangamfu mwingi. Lakini kile kiputo, kiini cha fumbo la riwaya, kilipotea.

Wolf aliendelea na mfululizo wake mwaka 1991 na tena mwaka 2013. Kitabu cha 1991, kinachoikaribia filamu kuliko riwaya ya kwanza, kinaitwa Who P-p-p-plugged Roger Rabbit? Kigugumizi kilichosikika sinemani kimerudishwa kwenye maandishi, herufi kwa herufi, juu ya jalada.