Gari ya okazioni kwa koperative: tuangalie bei, tuangalie na mazutu inayokunywa



Wakati wa mavuno, mara nyingi shida yetu si shamba tena, ni njia. Muhogo umekauka, maharagi iko ndani ya mifuko, lakini gari ya kukodi haifiki, ao inafika na bei yenye kumaliza faida yote. Njo maana koperative nyingi zinakusanya makuta kidogo kidogo ili kununua gari ya okazioni. Ni wazo nzuri. Lakini kuna koperative zinazonunua gari kwa bei ndogo, kiisha nyuma ya mwaka moja gari inalala ku kiwanja, juu hakuna tena makuta ya kuweka mazutu ndani. Tuone namna ya kuepuka hasara hiyo.

Gari iko na bei mbili

Bei ya kwanza ni ya kununua. Munailipa mara moja. Bei ya pili ni ya kutembeza. Munailipa kila juma, mpaka siku gari itakufa.

Tufanye hesabu ya mufano. Gari A inauzishwa dola 4,000 na inakunywa lita 18 kwa kilometa 100. Gari B inauzishwa dola 6,000, inabeba muzigo uleule, lakini inakunywa lita 11. Tuseme koperative inatembea kilometa 300 kila juma, ni kusema kilometa 15,000 katika majuma 50. Gari A itakunywa lita 2,700. Gari B itakunywa lita 1,650. Tofauti ni lita 1,050. Kama lita moja ni dola 1 na nusu, ni dola 1,575 kwa mwaka. Basi zile dola 2,000 mulizoongeza kwa kununua gari B zinarudi nyuma ya miezi karibu 15. Kisha hapo, faida ni yenu kila mwaka.

Fanyeni hesabu hiyo na bei ya kwenu mbele ya kutoa hata franka moja.

Gari ndogo si rahisi kila wakati

Toyota Probox ni mufano wa gari ndogo tunayoona sana. Ilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002, na nyingi ziko na moteri ya esanse ya lita 1.3 ao 1.5. Ile ya kazi ilifanywa kwa kubeba kilo 400, watu wawili wakiwa mbele. Ni mifuko 4 ya kilo 100, si 10. Tena, nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Ukijaza muzigo nyuma na kupanda mulima wenye matope, magurudumu ya mbele yanateleza.

Muhesabu lita kwa mufuko, si lita kwa gari tu. Gari ndogo inayokunywa lita 8 na kubeba mifuko 4 inatumia lita 2 kwa kila mufuko. Kamyo ndogo inayokunywa lita 16 na kubeba mifuko 20 haifikishe hata lita moja kwa mufuko. Lakini kamyo ileile ikienda na mifuko 4 tu, itakaribia lita 4 kwa mufuko. Basi mujiulize kwanza: kila juma tunapeleka mifuko ngapi ku soko? Jibu hilo njo litachagua ukubwa wa gari.

Kwa barabara mubaya, pikapu za Toyota Hilux za zamani za mazutu zinapendwa sana. Moteri zake zinaitwa 2L, 3L na 5L. Musidanganyike na jina: 2L si lita mbili. 2L iko na lita karibu 2.4, 3L iko na 2.8, na 5L iko na karibu 3. Nyingi hazina turbo wala kompyuta, kwa hiyo fundi wa karibu anaweza kuzitengeneza. Hiyo pia ni makuta mutakayochunga.

Pimeni mbele ya kulipa

Muuzaji atasema: "Hii haikunywi." Musibishane naye. Mupime.

1. Mujaze tangi mpaka kwenye shingo. Mulipe nyinyi wenyewe ili muuzaji akubali.
2. Muandike namba ya kilometa. Kama kontere imekufa, mupite njia ambayo urefu wake unajulikana, ao pikipiki yenye kontere nzima iwafuate.
3. Mutembee kilometa 60 ao zaidi, na muzigo, kwenye barabara yenu ya kila siku, si kwenye lami tu.
4. Murudi ku pompi ileile, mujaze tena mpaka kwenye shingo. Mugawanye lita kwa kilometa, kiisha muzidishe kwa 100.

Mufano: lita 9 kwa kilometa 75. 9 kugawanya kwa 75, mara 100, ni lita 12 kwa kilometa 100.

Mufike asubuhi na muguse moteri mbele ya kuiwasha. Kama iko moto, muuzaji aliitayarisha. Moshi muzito mweusi unaonyesha mazutu inayopotea bila kuungua. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikiwa na joto, ni maji yanaingia ndani ao enjekteri zimeharibika. Mafuta ikifanana na kahawa ya maziwa, maji yameingia: mukatae gari hiyo. Kiisha muombe carte rose, na muhakikishe namba ya shasi inafanana na ile ya kwenye karatasi.

Mukumbuke: gari nyingi za kwetu zinatoka Japani na usukani uko kuume. Lakini sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara, basi shofere haoni vizuri wakati wa kupita gari ingine.

Kuitengeneza ili ikunywe kidogo

Kazi hizi hazina bei kubwa, na zote zinasaidia.

*Kalorstati.* Moteri ikichemka, mafundi wengi wanatoa kalorstati na kuitupa. Halafu moteri inatumika na baridi, na inakunywa zaidi. Moteri inapenda joto la digri 80 mpaka 90. Musafishe radiateri, kiisha murudishe kalorstati.

*Freni.* Muinue kila gurudumu na kuizungusha kwa mukono. Ikiwa nzito, freni inashika. Ni kama kutembea na mutu anayekuvuta nyuma.

*Pine.* Zisiwe laini. Mupime hewa kila juma, asubuhi, pine zikiwa baridi, na mufuate namba ya kiwanda. Mapine makubwa kupita kipimo yanaongeza uzito.

*Uzito na upepo.* Mutoe vyuma vya mbele visivyo na kazi na portbagaje ya juu kama haitumiki. Muzigo wa juu ufungwe na bashi bila kupepea.

*Filtri ya hewa.* Vumbi la kiangazi linaiziba upesi. Muiangalie kila juma.

*Pompi na enjekteri.* Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Kule juu hewa ni nyepesi: moteri bila turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila metre 1,000. Pompi iliyopimwa kwa fasi za chini inatoa mazutu mingi kuliko hewa iliyopo. Fundi mwenye kipimo anaweza kuipunguza, na kuangalia enjekteri.

*Hilux ya 4x4.* Nyingi za zamani ziko na kifunguo kwenye magurudumu ya mbele. Kwenye barabara nzuri mukifungue, magurudumu ya mbele yasizungushe vyuma bure.

Mambo ya kukataa

Musichanganye mazutu na petroli ya taa. Mazutu njo inapaka pompi mafuta. Petroli haipaki vizuri, na pompi mupya itakula faida yote. Sumaku zinazofungwa ku mupira wa mazutu hazina kazi.

Zaidi ya yote, shofere asishuke mulima na gari ikiwa bila vitesi. Wengi wanafikiri wanachunga mazutu. Kumbe, ukishuka ndani ya vitesi na kuinua muguu, moteri ya mazutu na ile ya esanse yenye enjeksio zinakatiwa mafuta, juu magurudumu njo yanaizungusha. Ukiwa bila vitesi, moteri inaendelea kunywa, na freni peke yake inabeba muzigo wote. Kwenye milima kama ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, freni ikipata moto sana haishike tena. Hapo hamupotezi mazutu, munapoteza watu.

Kitabu cha gari

Siku gari inafika, mununue na kaye moja. Kila safari shofere aandike tarehe, kilometa, lita na hesabu ya mifuko. Mulinzi wa makuta atie sahihi. Mwisho wa mwezi muhesabu lita kwa kilometa 100 na lita kwa mufuko, kiisha musome mbele ya wamemba wote. Namba ikipanda kwa ghafula, ao gari iko mugonjwa, ao mazutu inatoka kwa njia ingine. Kwa vyote viwili, ni vizuri kujua mapema.

Gari ni ya wamemba wote. Hata yule mama aliyeleta mufuko moja tu ana haki ya kuuliza: juma hili tulikunywa lita ngapi?